Silaha za Kunakili: Funzo la Bonde la Sebeya

Ndugu wasikilizaji, askari wa majeshi ya ulinzi na wa jeshi la polisi, mazungumzo yetu ya leo baada ya taarifa ya habari yanahusu kitu ambacho kila mmoja wenu hukishika mkononi, hukisafisha na kukitolea hesabu ghalani. Kitu hicho ni bunduki; tena si kila bunduki, bali ile iliyoundwa kwa kuigwa bunduki nyingine iliyokwisha kupata sifa vitani. Swali letu ni moja: je, bunduki ya kunakili yaweza kuaminiwa sawasawa na ile ya asili?

Swali hili si la wapenzi wa vitu vya kale peke yao. Silaha nyingi zilizomo mikononi mwa majeshi ya Afrika hazikutoka katika kiwanda cha yule aliyezibuni. Zimetoka katika viwanda vya nchi nyingine, ama kwa idhini ya mwenye asili, ama bila ya idhini. Kadhalika, siku hizi kuna viwanda vinavyounda upya bunduki za vita za karne zilizopita, kwa ajili ya makumbusho, michezo ya kulenga shabaha na picha za sinema. Askari hujua kwamba bunduki ikikataa kulia mbele ya adui, au mtutu ukipasuka karibu na uso wake, hakuna jina la kiwanda litakalomrudishia uhai wake. Kwa sababu hiyo yatupasa kuchunguza historia, tuone nakala njema ilipatikanaje, na nakala mbovu ilitoka wapi.

Tuchukue nchi moja ndogo iwe mfano wetu. Kanzenze imo katika Wilaya ya Rubavu, magharibi ya Rwanda, katika milima iliyo nyuma ya mji wa Gisenyi. Katika wilaya hiyo hiyo Mto Sebeya huteremka kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu, na ukingoni mwa ziwa hilo Gisenyi imepakana na mji wa Goma wa Kongo. Kwa muda wa miaka mia moja na zaidi eneo hilo limepitiwa na bunduki za kila kizazi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipita Rwanda pamoja na msafara wake wenye bunduki, akaonana na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, kisha akafika Ziwa Kivu. Mwaka 1896 huko Shangi, upande wa kusini wa ziwa hilo, mashujaa wa Rwanda wenye mikuki na pinde walivunjwa nguvu na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki. Tangu siku hizo, watu wa nchi hiyo wameijua tofauti baina ya mwenye silaha ya kutegemewa na asiyekuwa nayo.

Lakini kabla ya hapo, pwani yetu ilikuwa imekwisha kujaa bunduki za kunakili. Wazee wetu waliziita kwa majina yaliyoeleza namna ya kuziwasha: bunduki za gumegume, ambazo jiwe lake liligonga chuma na kutoa cheche, na bunduki za fataki, zilizokuja baadaye. Zote zilikuwa za kushindilia, yaani baruti na risasi vilitiwa kwa mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa mtaimbo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja. Nyingi za bunduki hizo zilikuwa mabaki ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata silaha mpya, na nyingine zilikuwa nakala rahisi zilizoundwa makusudi kwa soko la Afrika katika miji ya Birmingham na Liège. Nakala hizo zilifuata umbo la bunduki ya askari wa Kiingereza, na baadhi yake zilipigwa mhuri wenye neno Tower, yaani ngome ya London ambamo silaha za jeshi la Uingereza zilikaguliwa, ingawa hazikuwahi kuingia katika ngome hiyo.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Mnunuzi wa Tabora au wa Ujiji aliona mhuri akadhani ameona ukaguzi. Mhuri ulikuwa nakala, na umbo lilikuwa nakala, lakini chuma hakikuwa kile, wala mtutu haukujaribiwa kwa kipimo kile. Muuzaji hakuwa na sababu ya kujali, kwani mnunuzi hakuwa na mkaguzi mlangoni mwa kiwanda, wala hakuwa na njia ya kuirudisha bunduki iliyompasukia.

Kisha mabeberu wakaongeza kizuizi kingine. Kwa Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, dola za Ulaya zilikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara letu, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Kilichoruhusiwa katika biashara kilikuwa aghalabu ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba huo ulielezwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa wazi: majeshi ya wakoloni yalibaki na bunduki za kupakia kwa nyuma, na wenyeji wakabaki na nakala za silaha ambazo Ulaya yenyewe ilikwisha kuziacha.

Hata pale wenyeji walipozitwaa bunduki za kisasa, jambo jingine liliwakwamisha. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Wahehe chini ya Mkwawa waliuvunja msafara wa Mjerumani von Zelewski, wakateka bunduki zipatazo 300. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini bunduki ya ganda hutaka ganda lake, na kiwanda cha risasi hizo kilikuwa ng'ambo ya bahari. Bunduki za gumegume zingeweza kulishwa baruti ya biashara na kipande chochote cha risasi. Bunduki zilizotekwa hazikuweza. Hapa twapata funzo la kwanza: bunduki na risasi yake ni kitu kimoja, na uaminifu wa moja haupimwi bila ya nyingine.

Sasa turudi katika bonde la Sebeya. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Kapteni Max Wintgens aliongoza jeshi la Wajerumani katika Rwanda. Mwezi Septemba mwaka huo aliteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, na baadaye safu ya ulinzi ikawekwa kwenye vilima vya Gisenyi na bonde la Sebeya, ikielekeana na jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoitwa Force Publique. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu askari Waafrika wa pande zote mbili walipigana katika milima hiyo yenye baridi na mvua, kwa ajili ya ugomvi ambao haukuwa wao, wakifuatwa na wapagazi ambao vifo vyao havikuhesabiwa kwa ukamilifu.

Je, walipewa silaha gani? Vita vilipoanza, sehemu kubwa ya jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, lenye askari Waafrika wapatao 2,500, ilikuwa bado ina bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Hiyo ilikuwa bunduki ya kipenyo cha milimita 11, ya kupakia risasi moja moja, yenye kutumia baruti nyeusi. Askari wa Kongo, kwa upande wao, walikuwa na bunduki ya Albini, nayo ya milimita 11, ya risasi moja moja, ambayo jeshi la Ubelgiji lilianza kuitumia katika miaka ya 1860. Wakati ule askari wa Ulaya alikuwa na bunduki ya risasi tano na baruti isiyo na moshi. Askari Mwafrika alipewa bunduki ya enzi ya babu yake, kwa sababu wakoloni waliogopa kumpa iliyo bora, na pia kwa kuokoa fedha.

Ubaya wa baruti nyeusi si kelele wala mshindo wa begani peke yake. Kila apigapo askari, wingu jeupe la moshi huinuka mbele yake na kumwambia adui mahali alipo. Jambo hilo lilionekana dhahiri katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Kadhalika baruti nyeusi huacha masizi mengi ndani ya mtutu, na masizi hayo huvuta unyevu. Katika nchi ya mvua kama ile ya Kivu, bunduki isiposafishwa jioni huamka na kutu asubuhi. Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, tusizidharau silaha hizo kwa haki yake. Zilikuwa nzito, lakini zilikuwa imara. Mitambo yake ilikuwa michache, na askari aliyeitunza yake aliweza kuitegemea.

Mfano wa kinyume ulitokea pwani. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, iliyosafiri kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza hata ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuzama katika maji machache. Ndani yake zilikuwamo bunduki mpya zipatazo 1,800 pamoja na mamilioni ya risasi. Shehena hiyo iliopolewa. Bunduki zilikuwa njema kabisa, za aina ya kisasa ya wakati huo. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe, maganda yasafishwe, kisha zifungwe tena kwa mikono. Pamoja na juhudi zote hizo, risasi nyingi zilikataa kulia. Kwa hiyo askari mwenye bunduki mpya na risasi iliyolowa hakuwa na hakika kumzidi mwenziwe mwenye Mauser ya kale na risasi kavu.

Mwezi Aprili 1916 Jenerali Tombeur alianzisha mashambulizi makubwa ya jeshi la Kongo. Tarehe 6 Mei Kigali ilitwaliwa, na Wintgens, kwa kuhofia kuzingirwa, akaiacha safu ya Sebeya mwezi huo huo. Mwezi Septemba Tabora nayo ikaanguka. Safu ya Sebeya iliachwa kwa sababu jeshi jingine lilikwisha kupita nyuma yake.

Baada ya kuona silaha za kale, tuangalie namna nakala njema inavyopatikana. Mwaka 1889 serikali ya Ubelgiji ilitaka bunduki mpya 150,000 za mtindo wa Mauser. Badala ya kuziagiza Ujerumani, waundaji wa silaha wa eneo la Liège walijiunga na kuanzisha kiwanda huko Herstal, kinachojulikana mpaka leo kwa herufi FN. Kiwanda hicho kilipata haki ya kuunda bunduki iliyobuniwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Kwa hiyo bunduki ya kwanza ya kiwanda chenye sifa kubwa duniani ilikuwa nakala.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Liège ni mji ule ule uliotoa bunduki za biashara zilizouzwa pwani yetu. Mafundi walikuwa ni watu wa nyumba zile zile na chuma kilitoka katika bonde lile lile. Mji huo ulikuwa na sheria ya kujaribu mitutu tangu mwaka 1672. Basi kwa nini kazi moja ilikuwa mbovu na nyingine njema? Sababu ni mnunuzi. Mnunuzi wa bunduki ya biashara alikuwa mbali, hana mkaguzi wala mkataba. Mnunuzi wa Mauser lilikuwa jeshi lenye michoro kamili, lenye vipimo vya chuma vya kuingiza katika kila tundu, na lenye haki ya kuikataa bunduki isiyolingana. Kiwanda kikaagiza mashine za kukata kila kipande kwa kipimo kimoja, hata komeo la bunduki moja likaweza kutiwa katika bunduki nyingine bila ya tupa wala nyundo. Ukaguzi ndio uliozaa ubora, na sifa ya jina ikaja baadaye.

Kinyume chake waonekana katika mji wa Darra Adam Khel, Pakistani, ambako kwa muda mrefu wahunzi wameiga kwa mikono bunduki za Martini na Lee-Enfield za jeshi la Uingereza. Ustadi wao wa macho na wa mikono ni wa kustaajabisha. Huiga hata mihuri ya taji na ya kiwanda, ingawa mara nyingine herufi hupigwa kinyume au neno hukosewa. Lakini mhunzi anayeitazama bunduki iliyo mbele yake huweza kuliona umbo lake tu. Hawezi kuona kwa macho kiasi cha kaboni kilichomo katika chuma cha pua, wala moto uliotumika kukikaza, wala muda wa kukipoza. Mambo hayo hayamo katika umbo. Yamo katika maandishi ya kiwanda. Ndiyo maana nakala ya namna hiyo huweza kulia mara mia moja na kuvunjika mara ya mia moja na moja.

Baina ya Herstal na Darra kuna njia ya kati. Katika miaka ya 1960 India iliunda bunduki ya 1A1 katika kiwanda cha Ishapore, kwa kuzichunguza bunduki za FAL za mitindo miwili, mmoja uliopimwa kwa inchi na mwingine uliopimwa kwa milimita. Bunduki iliyopatikana ilikuwa imara na ililitumikia jeshi kubwa kwa miaka mingi. Lakini vipande vyake vingi havikuingiliana na vya FAL ya Kiingereza wala na vya ile ya Kibelgiji. Kwa jeshi linalojitengenezea vipuri vyake jambo hilo si tatizo. Kwa jeshi linalookoteza vipuri huku na huko, kufanana kwa sura huwa ni mtego. Fundi wa ghala huona vipande viwili kama mapacha, akavilazimisha kuingiliana, na bunduki ikakwama siku ya haja.

Bunduki iliyonakiliwa kupita zote ni ile ya Kalashnikov, iliyokubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Uchina iliiunda tangu mwaka 1956 kwa jina la Aina ya 56. Misri iliiunda kwa mashine na mafunzo kutoka Urusi ya Kisovieti. Yugoslavia iliiunda kwa kuichunguza yenyewe, na bunduki zake za M70 kwa muda mrefu hazikupakwa kromu ndani ya mtutu, ilhali zile za Kisovieti na za Kichina zilipakwa. Tofauti hiyo haionekani kwa mtu aliyeshika kitako na kuangalia mbele. Lakini risasi nyingi za zamani za aina hiyo zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Mtutu wenye kromu huvumilia uzembe wa siku mbili. Mtutu usio na kromu, katika mvua za milimani, hauvumilii. Askari asiyejua nakala aliyo nayo ni ya wapi hajui aisafishe kwa haraka gani.

Rwanda yenyewe iliyaona mambo hayo. Katika vita vilivyoanza mwaka 1990, jeshi la serikali ya wakati huo lilikuwa na FAL za Kibelgiji, G3 za Kijerumani na Kalashnikov. Mwezi Machi 1992 serikali hiyo ilifanya mkataba na Misri wa thamani ya dola milioni 6 za Kimarekani, ambamo zilikuwamo Kalashnikov 450 za Kimisri. Mwaka huo huo ilinunua pia silaha kutoka Afrika ya Kusini, zikiwamo bunduki za R4. Nasaba ya R4 yafaa kuelezwa: ni nakala ya Galil ya Israeli iliyorefushwa kitako, Galil ilifuata bunduki ya Kifini, na ile ya Kifini ilitokana na Kalashnikov. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na bado ilikuwa bunduki nzuri, kwa kuwa katika kila hatua palikuwa na kiwanda, michoro na wakaguzi. Taabu ilikuwa kwingine. Risasi ya FAL na G3 huitwa 7.62, na ya Kalashnikov pia huitwa 7.62, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili milimita 39. Na R4 hutumia risasi nyingine kabisa ya 5.56. Mwenye ghala anayesoma tarakimu ya kwanza tu aweza kupeleka sanduku la risasi lisilofaa kwa kikosi kilichozingirwa.

Silaha hizo zilitumiwa na serikali ile ile iliyotekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwezi Julai, jeshi lake lilipokimbilia Goma kupitia Gisenyi, silaha zilizochukuliwa na walinzi wa mpaka zilirundikwa chini chungu chungu, za kila aina na kila taifa. Nyingi nyingine hazikusalimishwa, na zikarudi kuwasumbua wananchi wa kaskazini-magharibi katika mapigano ya mwaka 1997 na 1998. Tunaposifu uimara wa bunduki yatupasa kukumbuka kwamba bunduki imara hudumu pia mikononi mwa mhalifu, na miaka thelathini si kitu katika umri wake. Uaminifu wa silaha ni jambo la fundi. Uaminifu wa mwenye kuishika ni jambo la nidhamu na utu.

Sasa tufike kwenye nakala za siku hizi za bunduki za kale. Katika bonde la Val Trompia karibu na Brescia, Italia, makampuni kama Pedersoli na Uberti, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, huunda upya bunduki za gumegume, za fataki na za karne ya 19. Mitutu yake hujaribiwa katika nyumba ya taifa ya majaribio. Utaratibu wa kimataifa wa majaribio hayo ya silaha za raia ulianza kwa mkataba uliotiwa sahihi Brussels mwaka 1914, na kanuni yake ni kupiga risasi yenye shinikizo lizidilo kiwango cha juu kwa asilimia 25 au 30. Mtutu usiopasuka wala kuvimba ndio upewao mhuri.

Watu hudhani kuwa nakala ya leo ni lazima iwe dhaifu kuliko ya asili. Kwa upande wa mtutu, mara nyingi ni kinyume. Bunduki ya mwaka 1800 ilikuwa na mtutu wa bapa la chuma lililokunjwa na kuungwa kwa moto, na kiungo chake kiliweza kuficha ufa. Mtutu wa leo hutobolewa katika mche mmoja wa chuma cha pua. Udhaifu wa nakala hizo huonekana zaidi katika vitu vidogo: springi zisizokazwa vizuri, skurubu laini, na chuma cha gumegume kisichotoa cheche baada ya muda. Hatari kubwa ni ya mtu anayetia baruti ya kisasa ndani yake. Hata kama chuma ni kipya, ubuni wake ni wa baruti nyeusi, ambayo shinikizo lake ni dogo sana kulinganisha na la kisasa. Mtu huyo hujiua kwa ujinga, si kwa ubovu wa kiwanda.

Ziko pia nakala za bunduki za Vita Vikuu vya Pili, zenye sura ya silaha za jeshi la Ujerumani, lakini zinazopiga risasi ndogo ya michezo, na ambazo sehemu zake nyingi ni za aloi ya zinki. Kwa kulenga shabaha siku ya mapumziko zafaa. Kwa vita hazina thamani yoyote. Na ziko bunduki za sauti tu, zilizoundwa kwa sinema na michezo, ambazo wahalifu wa Ulaya na Afrika ya Kaskazini wamezigeuza ziweze kupiga risasi za kweli. Hapo ndipo kazi ya polisi inapoingia. Askari polisi akutanapo usiku na kitu chenye umbo la bunduki hana budi kukihesabu kuwa ni bunduki. Lakini kikiisha kuwa mikononi mwake, wajibu wake ni kukichunguza na kuandika kwa usahihi: namba, mihuri, kipenyo, na alama za kugeuzwa. Ripoti isemayo tu kwamba imekamatwa bunduki aina ya fulani, kwa kufuata sura, yaweza kuharibu kesi mahakamani na kuwapoteza wapelelezi.

Vivyo hivyo kwa magobore ya vijijini mwetu, ambayo wahunzi huyaunda kwa kuiga bunduki za kushindilia za karne ya 19, mara nyingine kwa kutumia bomba la maji badala ya mtutu. Bomba la maji liliundwa kuhimili maji. Wawindaji waliopoteza vidole na macho ni ushahidi wa kutosha. Kwa Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004, nchi zetu, Rwanda ikiwa miongoni mwake, zilikubaliana kuzitia alama silaha ndogo ndogo, kuziandikisha na kuziharibu zilizo haramu. Alama hiyo ni kinyume cha mhuri wa uongo wa Tower: hueleza kweli silaha ilikotoka na nani anayewajibika nayo.

Ndugu wasikilizaji, Afrika Mashariki leo si mnunuzi tu. Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro, Uganda ina kiwanda cha Nakasongola, na Kenya ina kiwanda cha risasi huko Eldoret na mwaka 2021 ilifungua kingine huko Ruiru cha kuunda bunduki. Jambo hilo ni la fahari, lakini lina wajibu wake. Zamani twaweza kuwalaumu wauzaji wa Liège waliotuletea bomba lenye mhuri wa bandia. Silaha itokayo katika kiwanda chetu wenyewe haina wa kulaumiwa isipokuwa sisi.

Kwa hiyo askari na afisa ajiulize mambo manne kuhusu nakala yoyote. Kwanza, imetoka wapi, na alama zake zinathibitishwa na hati? Pili, je, vipimo vyake vimekaguliwa kwa geji, au kwa macho tu? Tatu, chuma chake kimejaribiwa na nani, kwa shinikizo gani? Nne, risasi yake ni ipi hasa, na imehifadhiwaje? Nakala inayopata majibu mema kwa maswali hayo yaweza kuaminiwa kama ya asili, na pengine kuipita. Isiyoyapata isiingie ghalani, hata kama sura yake yapendeza na bei yake ni nafuu.

Askari wa bonde la Sebeya hawakuulizwa. Walikabidhiwa bunduki za moshi wakaambiwa wapande mlima. Askari wa leo anatumikia nchi yake mwenyewe, na ana haki, na zaidi ya haki ana wajibu, wa kuijua silaha yake kabla ya kuibeba. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.